Kliniki mtoto anapimwa uzito, mama anapimwa nini? Wa Tanga naomba mje

#1 Mama_wa_Makorora
Habari za jioni wanajukwaa. Wa Tanga nawaita kwa sauti.

Nimejifungua mtoto wa kwanza mwezi wa tatu, kwa upasuaji. Mtoto mzima alhamdulillah, ananyonya, analala kuliko mimi. Mimi ndiye niliyebaki kule kule chumba cha upasuaji. Wiki ya pili nikaanza kulia bila sababu. Naona chai imepoa, nalia. Naona nepi zimeanikwa zimepangana vizuri kambani, nalia. Halafu kulia kukaisha, ikaja hali mbaya zaidi: sijisikii kitu. Mama mkwe ananiletea mtoto nimnyonyeshe, nampokea kama mtu aliyeachiwa mzigo wa jirani, nangoja mwenyewe aje auchukue.

Kliniki nimeenda siku zote nilizopangiwa. Mtoto ananing'inizwa kwenye mizani, anachorewa alama kwenye kadi, "mama, mtoto anaendelea vizuri, haya mwingine". Siku ya 42 nikajipa moyo, nikamwambia nesi sijisikii vizuri. Akaniuliza, kidonda kimefunga? Nikasema kimefunga. Akasema basi uko sawa. Nikapanda bajaji nikarudi.

Nimeipekua kadi yangu mbele na nyuma. Wingi wa damu umo, presha imo, kaswende imo, VVU imo, chanjo ya pepopunda imo. Pa kuandika kama mama analala usiku au halali, sikupaona.

Hapa Tanga mwanamke mwenye hali hii anaenda wapi? Na hii hasa ni nini? Nyumbani kila mtu ana jina lake. Mama mkwe anasema jini, mama yangu anasema chango, mume anasema uchovu. Nimechoka majina.

#2 Kahawa_Barabara_ya_Nane
Ngoja waje wenye elimu. Mimi nimekaa hapa na kashata yangu.

#3 Mgosi_wa_Soni
Pole dada, ila tuseme ukweli, wanawake wa siku hizi mnadeka. Bibi yangu kazaa tisa. Wa tano kamzalia njiani akitoka shambani, akajifunga kanga akaendelea na safari. Huko kulia kwenu hakuwa na muda nako.

#4 Binti_Digo
Mgosi, na wewe ulikuwepo hapo njiani umeshika taa? Bibi alikuhadithia alivyozaa. Alivyolia hakukuhadithia, ulikuwa mjukuu wa kiume. Kamuulize vizuri kisha urudi.

#5 Mkunga_Mstaafu
Hujambo mwanangu wa #1, na hongera ya uzazi. Nimekaa wodi ya wazazi miaka 31, nimestaafu, niseme ninachokijua.

Kulia siku ya tatu au ya nne baada ya kujifungua huwapata wanawake wengi. Maziwa yanaingia, homoni zinashuka kwa kishindo, mtu analia huku anacheka. Hiyo huisha yenyewe, ndani ya wiki mbili imeshapita. Ikivuka hapo, na hasa ikigeuka hiyo ya "sijisikii kitu", huo si uchovu tena. Ni sonona ya baada ya kujifungua. Ni ugonjwa kama presha ilivyo ugonjwa, una tiba, na haina maana kwamba humpendi mwanao. Shirika la Afya Duniani linasema kwa dunia nzima, katika wanawake 100 waliotoka kujifungua, kama 13 wanapata tatizo la afya ya akili, na kubwa lao ni sonona. Katika nchi zinazoendelea wanakaribia 20. Wajawazito katika nchi hizo hizo ni kama 16. Kwa hiyo siku ile kwenye foleni ya mizani mwenzako ulikuwa naye benchi moja, ila naye alikuwa amejitanda vizuri kama wewe.

Liko na la tatu, kichaa cha uzazi. Hilo ni adimu, mmoja au wawili katika wazazi 1,000, lakini likija linakuja mbio, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo. Mzazi halali siku mbili tatu na wala haoni uchovu, anaongea hasiti, anasikia sauti, anasema mtoto kabadilishwa. Huyo hasubirishwi hadi kesho. Ni hospitali siku ile ile, na asiachwe peke yake, wala peke yake na mtoto.

Wewe nenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, uliza huduma ya afya ya akili iko upande gani. Usipange foleni ya mizani. Na nijibu hili, hapa au faragha: umewahi kuwaza kujidhuru?

#6 Mama_wa_Makorora
Asante sana bi mkunga. Nimewaza kutokuwepo. Si kujiua, kutokuwepo tu, kama mtu aliyetoka nje mara moja. Mengine nimekuandikia faragha.

#7 Kombo_Pangani
Hiki si ndicho kile kifafa cha mimba? Shangazi yangu alikuwa nacho, alikuwa anaongea peke yake kabla ya kuanguka.

#8 Mkunga_Mstaafu
Hapana Kombo. Kifafa cha mimba kinatokana na shinikizo la damu kupanda kwa mjamzito au mzazi. Kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, kisha degedege. Shangazi yako kuchanganyikiwa kabla ya kuanguka ni ubongo uliokwisha kuumia kwa presha. Ni mambo mawili mbalimbali, na kuyachanganya kumeua watu: mzazi ana presha, nyumbani wanamfukizia ubani. Lakini aliyetoka salama kwenye kifafa cha mimba naye aangaliwe afya ya akili yake baadaye, maana ameponea chupuchupu.

#9 Bi_Mkubwa_Pongwe
Nimesoma yote na miwani yangu. Mimi nasema hivi: arobaini mmeiua wenyewe, sasa mnashangaa nini?

Zamani mzazi akitoka kujifungua anarudi kwao. Siku arobaini hashiki ufagio. Asubuhi anakandwa na maji moto, mwanamke mwenye mikono ya kazi hiyo anaitwa, anakandwa mpaka mgongo unalia. Uji wa pilipili manga, supu ya kuku wa kienyeji, mwenye uwezo supu ya pweza. Usiku analala na mtu chumbani, mzazi haachwi peke yake hata kwenda chooni. Kisu chini ya mto, mvuje kwenye kitambaa cheusi. Nyie mnaita ushirikina. Haya, huyo anayelala naye chumbani alikuwa anafanya nini? Alikuwa anamwona. Mzazi akianza kuangalia ukuta, mtu wa kwanza kujua ni yule.

Sasa mtu anajifungua, siku ya tatu yuko chumba cha kupanga, mume kaenda kazini, mlango umefungwa, yeye na simu. Hamjui mmekosa nini. Wazungu hawana arobaini, ndio maana ugonjwa huu umetoka kwao.

#10 Shemeji_wa_Usagara
Bi Mkubwa nakuheshimu, ila hapo mwisho umeteleza. Rudi kwa mkunga #5: dunia nzima 13, kwetu huku karibu 20. Sisi wenye arobaini ndio tunaongoza. Kama ugonjwa umetoka kwa wazungu, basi umekuja ukapata mwenyeji mkarimu.

#11 Bi_Mkubwa_Pongwe
Hizo hesabu zimewahesabu wenye arobaini kweli au wenye arobaini ya kupostiwa? Niambie kwanza.

#12 Shemeji_wa_Usagara
Hapo umenifunga, mama.

#13 Chumba_na_Sebule
Naomba niseme upande wa pili wa arobaini. Mimi nilipelekwa kwao mume, si kwetu, maana kwetu ni mbali na mama yangu ni marehemu. Siku arobaini ndani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya upepo, joto la Tanga mnalijua, mwezi wa pili. Anayelala nami chumbani ni wifi. Kila nikigeuka kitandani kesho yake ukumbi mzima umejua. Maji ya moto nilimwagiwa nikaungua paja, nikaambiwa mzazi haogopi maji. Nikilia naambiwa maziwa yatachacha. Mtoto alipopungua uzito mwezi wa pili, nikaambiwa NIMEMBEMENDA. Mimi! Niliyefungiwa ndani wiki sita, nimembemenda na nani, na kisu kilichokuwa chini ya mto?

Kwa hiyo Bi Mkubwa, kuonwa nilionwa sana. Kuonwa na kulindwa haviko sawa.

#14 Binti_Digo
Kisu chini ya mto nimecheka halafu nikajiona mbaya. Pole shoga.

#15 Mkunga_Mstaafu
Hilo la kubemenda limewanyamazisha wanawake wengi. Mtoto akipungua uzito tunatazama ananyonyaje, ana maambukizi gani, na mama yukoje. Mama mwenye sonona hamnyonyeshi mwanawe kwa raha, anakatiza, mtoto anapungua, kisha mama analaumiwa, sonona inazidi. Nimeliona mara nyingi sana. Mizani ile ile anayoilalamikia #1 ingetuambia habari za mama kama tungeisoma vizuri.

#16 Ustadh_Msambweni
Assalaam alaikum. Mimi ni msomaji wa Qur'ani kwa wagonjwa, watu huniletea wazazi. Najua wengine hapa wataanza kutukana, nawaomba mnisikilize.

Majini yapo, imo ndani ya Qur'ani, silijadili hilo. Lakini mwanamke akiletwa kwangu nauliza mambo matatu: amejifungua lini, analala, ana homa? Homa baada ya uzazi si kazi yangu, naandika jina la hospitali kwenye karatasi. Wapo wenzangu wanaomfungia mzazi na kumpunga siku saba wakati damu inamtoka. Hao simo katika kundi lao. Kusomewa kunampa mtu utulivu, na hakuna aya niliyoisoma inayokataza kidonge.

#17 Kahawa_Barabara_ya_Nane
Ustadh, wapo wa kwenu waliochukua mbuzi wawili na elfu sabini kwa dada yangu kisha wakasema jini anataka na redio. Jini wa Tanga anapenda taarabu.

#18 Ustadh_Msambweni
Huyo hakuwa jini, huyo alikuwa mtu anayetaka redio.

#19 Maabara_Duga
Mnabishana jini na homoni, hamjapima damu. Mwanamke aliyepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, wingi wa damu ukiwa saba, atakuwa mzito, mapigo yanaenda mbio, hana hamu ya kitu. Utamwita mgonjwa wa akili bure. Kuna na tezi ya shingoni: baada ya uzazi inaweza kuvurugika kwa miezi kadhaa, mwanzo inamfanya mtu awe na wasiwasi na kutetemeka, baadaye inamzimisha kabisa kama taa. Mimi nasema kabla ya kumbandika mtu sonona, vuteni damu kwanza.

#20 Mkunga_Mstaafu
Sawa kabisa, ila usiseme "kwanza" kana kwamba mwingine asubiri. Vyote viende pamoja. Mtu anaweza kuwa na damu saba NA sonona.

#21 Mama_Mapacha_Mikanjuni
Mbona wote mnaongelea baada ya kujifungua? Mimi yangu ilianza mimba ya miezi mitano. Mimba ya mapacha, mume hana kazi, nimeshaacha biashara ya vitumbua kwa sababu siwezi moshi. Nikawa naamka saa tisa usiku moyo unadunda nahesabu madeni. Kliniki nikaambiwa presha iko vizuri. Ilikuwa vizuri kweli, presha!

Aliyenisaidia ni mama mmoja wa jirani aliyekuwa anakuja kununua vitumbua. Alipoona sipo akaja kugonga. Akawa anakuja kila asubuhi, anakaa kizingitini, tunaongea ya mtaani. Sikupata dawa wala daktari. Sisemi imetosha kwa kila mtu. Kwangu mimi ilitosha.

#22 Wakili_Chumbageni
Nichangie kwa upande wangu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 199, inasema mama akimuua mwanawe aliye chini ya miezi 12 wakati akili yake imevurugika kwa sababu hajapona athari za kuzaa au kunyonyesha, hashitakiwi kwa kosa la mauaji ya kukusudia. Linahesabika kosa lake mahsusi, na adhabu yake ni kama ya kuua bila kukusudia. Waliotunga sheria ile walijua kwamba uzazi unaweza kumvuruga mtu akili. Ajabu ni kwamba serikali inalikumbuka hilo mahakamani, msiba umeshatokea.

Jingine ambalo watu wanaliogopa kimyakimya: kifungu cha 217, kujaribu kujiua ni kosa. Wanawake hawasemi wanachowaza wakidhani wataitiwa polisi. Kuwaza si kujaribu. Kumwambia daktari au nesi kwamba mawazo hayo yanakujia si kosa kwa sheria yoyote.

#23 Mwajiriwa_Bandarini
Wakili, na likizo je? Mke wangu kiwandani walimpa miezi mitatu kisha wakamdai arudi. Si miezi mitatu kisheria?

#24 Wakili_Chumbageni
Siku 84, ndugu. Si miezi mitatu kamili, hesabu vizuri. Wakizaliwa zaidi ya mmoja kwa mpigo ni siku 100. Ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Na wewe baba una siku 3 za malipo, uzichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe.

#25 Mwajiriwa_Bandarini
Siku tatu! Siku ya kwanza nilitafuta damu, ya pili nikatafuta hela, ya tatu nikalala.

#26 Dagaa_Deep_Sea
Hongereni wenye siku 84. Sisi wa dagaa likizo yetu inaishia pale unga unapoisha. Mimi nilirudi sokoni siku ya 19, mtoto kwenye beseni kavu pembeni. Sijui kama nilikuwa na sonona. Nilikuwa na deni la elfu arobaini.

#27 Mama_Mapacha_Mikanjuni
@Dagaa unaweza kuwa na vyote viwili, mwaya.

#28 Jina_Limefichwa
Nimefungua akaunti leo kwa ajili ya uzi huu.

Mwanangu alizaliwa mfu, miezi minane. Kituo sitakitaja. Niliruhusiwa kesho yake asubuhi. Sikupewa kadi ya mtoto kwa sababu mtoto hayupo, na kwa kuwa sina kadi, hakuna siku niliyoambiwa nirudi. Maziwa yaliingia siku ya tatu. Hakuna aliyekuwa ameniambia yataingia. Nilikaa chooni nayakamua kwenye ndoo, natia maji, namwaga. Nyumbani waliniambia usilie, utazaa mwingine, unamchelewesha.

Mama wa Makorora unauliza mama anapimwa nini. Mimi hata hiyo mizani sikuifikia.

#29 Binti_Digo
Sina la kusema. Tuko hapa dada.

#30 Mkunga_Mstaafu
Mwanangu wa #28. Pole, pole sana. Mahudhurio ya baada ya kujifungua, ndani ya saa 48, siku ya 7, ya 28 na ya 42, ni ya MAMA pia, awe na mtoto au asiwe naye. Ulipaswa kuitwa. Nilifanya kazi hiyo na najua wapo niliowaacha waende hivyo hivyo, kitanda kilihitajika. Niandikie faragha leo, usingoje kesho.

#31 Mwanafunzi_Afya
Nirudi kwa swali la "anapimwa nini". Kipimo kipo jamani. Kina maswali 10, kilitungwa Scotland kikachapishwa 1987, kimeshatumika hata kwa Kiswahili. Unaulizwa siku 7 zilizopita zilikuwaje: unaweza bado kucheka? Unajilaumu bila sababu? Unaogopa bila sababu? Unakosa usingizi kwa huzuni? La kumi ni la kujidhuru. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 30. Dakika tano unamaliza. Kipimo hakikupi jina la ugonjwa, kinasema tu huyu aonwe zaidi.

#32 Mkunga_Mstaafu
Kijana, nakubaliana nawe, lakini nenda kasimame kliniki Jumatatu. Wazazi sitini, manesi wawili, mmoja anachanja. Dakika tano mara sitini fanya hesabu. Halafu aliyepata alama nyingi unampeleka wapi, kwa nani, siku gani? Nesi anaogopa kuuliza swali ambalo jibu lake hana pa kuliweka. Yule aliyemuuliza #1 habari za kidonda, simtetei, ila namjua.

#33 Mwanafunzi_Afya
Ndiyo maana wenzetu wameacha kungoja madaktari. Pakistani walichukua wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wa kawaida, wakawafundisha kukaa na mzazi nyumbani na kuongea naye kwa mpangilio. Utafiti ulitoka 2008, sonona ilipungua sana ukilinganisha na wasiofanyiwa, na Shirika la Afya Duniani likautolea mwongozo. Zimbabwe kuna daktari, Dixon Chibanda, alianza 2006 kuwaweka mabibi kwenye mabenchi nje ya zahanati Harare. Bibi anakaa, mtu anakuja, wanaongea. Kwetu mwaka 2024 serikali imezindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, WAJA. Hao hao wanapita majumbani, waongezewe hili.

#34 Kahawa_Barabara_ya_Nane
Tanga tena? WAJA leo, waondoka leo.

#35 Shemeji_wa_Usagara
😂😂 Mfungeni huyu.

#36 Bi_Mkubwa_Pongwe
Benchi la bibi! Si ndiyo nilichosema #9, mmeona mpaka kitoke Zimbabwe? Leteni benchi Pongwe, nitakaa mimi, hata posho sitaki, chai tu.

#37 Chumba_na_Sebule
Bi Mkubwa kwa heshima zote. Ukikaa wewe, mimi ninayekaa Pongwe nitaenda benchi la Muheza. Mji huu mdogo. Nikimwambia mtu kwenye benchi saa nne asubuhi, saa saba limefika Kange na muziki wake.

#38 Bi_Mkubwa_Pongwe
Mimi siri za watu naziweka! Muulize mtoto wa Mwanaidi kama nimewahi kusema alichoniambia kuhusu yule fundi baiskeli.

#39 Binti_Digo
...

#40 Shemeji_wa_Usagara
Benchi limevunjika kabla halijachongwa.

#41 Mwajiriwa_Bandarini
Jamani na sisi wanaume? Mimi baada ya mtoto wa pili nilikuwa nakaa kijiweni hadi saa sita usiku si kwa sababu ya starehe. Niliogopa kuingia ndani. Mke wangu alidhani nina mwanamke.

#42 Mwanafunzi_Afya
Yapo, mkuu. Akina baba nao hupata, na zaidi kama mama naye anayo. Kliniki haimjui kabisa baba, labda siku ya kupima VVU.

#43 Korogwe_Mjini
Kuna aliyeniandikia faragha habari za mgonjwa kupelekwa "Lutindi kule Lushoto", nisahihishe: Lutindi iko wilaya ya Korogwe, mlimani kwenye Usambara. Ni hospitali ya akili ya kanisa la Kilutheri, mizizi yake ni wamisionari wa Kijerumani wa karne ya 19. Kwetu ukimwambia mtu "utapelekwa Lutindi" ni tusi, watoto wanatukanana nalo. Mama yangu mdogo alikaa kule miezi miwili baada ya kujifungua, alichanganyikiwa kweli, alitaka kumpeleka mtoto mtoni "akarudishe". Alirudi mzima, akazaa wengine wawili na safari hizo daktari alimfuatilia kabla. Leo ana duka. Lakini mpaka leo akigombana na mtu sokoni, la kwanza kutupiwa ni Lutindi. Ugonjwa ulipona ndani ya miezi miwili. Jina huu ni mwaka wa ishirini.

#44 Mkunga_Mstaafu
Huyo kufuatiliwa kabla ndilo jambo. Aliyewahi kupata kichaa cha uzazi, mimba inayofuata aseme mapema kliniki. Na anayetumia dawa za akili asiziache mwenyewe akijiona mjamzito, wala asiendelee nazo bila kuuliza. Ziko zinazofaa hata kwa anayenyonyesha, na iko kama valproate ambayo inamdhuru mtoto tumboni. Kwa daktari, si kwa jirani.

#45 Mgosi_wa_Soni
Nimerudi.

Nimempigia bibi jana, mtandao wa kule mlimani unakatika katika, tumeongea kama saa nzima. Nimemuuliza habari za yule wa tano wa njiani. Akacheka kwanza. Kisha akanyamaza nikadhani simu imekatika.

Anasema baada ya yule alirudishwa kwao, akakaa misimu miwili ya mvua. Baba yangu, aliyekuwa wa nne, alilelewa na mke mwenzie. Anasema alikuwa anaona watu wanaongea, midomo inacheza, hasikii maana. Walimchinjia kondoo. Mama yake alikuwa anampeleka mtoni kila asubuhi, anamwosha, hamsemeshi, wanarudi. Nikamuuliza alipona kwa nini, kondoo au mto? Akasema "najua mie? Siku moja nilisikia njaa."

Baba yangu ana miaka 66 na hakuwa anajua haya. Dada wa #1 nisamehe kwa lile neno.

#46 Binti_Digo
Umesamehewa nusu. Nusu nyingine ukimnunulia bibi simu yenye mtandao.

#47 Mama_wa_Makorora
Mrejesho. Samahani nilipotea, nilikuwa nasoma tu.

Mgosi, nimekusamehe yote, na bibi yako nimemuota.

Jumanne nimeenda Bombo. Mume aliomba ruhusa nusu siku, akakaa nje na mtoto, akabadilisha nepi mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Nilizungushwa madirisha mawili kabla ya kufika penyewe. Nilitaka kurudi nyumbani mara tatu. Niliulizwa yale maswali kumi, kwenye la kucheka ndipo nikalia, sikutegemea. Wamevuta na damu, @Maabara_Duga: nina nane na nusu. Nimepewa vidonge vya damu na dawa nyingine ya usiku ambayo daktari amesema naweza kunyonyesha nayo, nirudi baada ya wiki mbili. Kwa hiyo nina damu chache na sonona, na mama mkwe bado anasema jini. Alinipa kombe, aya zilizoandikwa zikaoshwa kwa maji, kwenye chupa niende nalo. Nikalinywa kwenye bajaji. Kidonge nikameza usiku. Nimelala saa nne mfululizo, sasa kila mtu nyumbani anadai sifa.

Bado nampokea mtoto kama mzigo. Ila jana mzigo ulipiga chafya, nikasema "afya" kabla sijafikiri.

#48 Kahawa_Barabara_ya_Nane
Alhamdulillah. Kombe la zafarani au la wino? La zafarani tamu.

#49 Bi_Mkubwa_Pongwe
Na supu ya pweza hujaitaja. Nielekeze nyumba, nije nikukande.

#50 Chumba_na_Sebule
Maji yawe ya vuguvugu, Bi Mkubwa. NAKUOMBA.

#51 Mgeni_Muheza
Samahani wakuu kwa kuingilia. Niko Muheza. Mdogo wangu amejifungua siku ya tisa leo. Tangu juzi hajalala kabisa, anafua nguo usiku, anasema kuna mtu anamwita jina kwenye mwembe. Shemeji anasema ni furaha ya mtoto wa kiume. Nimesoma #5 mikono inatetemeka.

#52 Mkunga_Mstaafu
Mpeleke hospitali sasa hivi, usingoje kuche. Nimekutumia namba yangu faragha, nipigie mkiwa njiani. Nani yuko naye chumbani dakika hii, na mtoto kambeba nani?